Barua pepe ya ofisi si mali ya kompyuta ya mezani

Ingia ofisi yoyote ya wakala wa forodha hapa Tanga, iwe ya karibu na lango la bandari au ya ndani huko Ngamiani, uulizie barua aliyoandika msafirishaji wa Mumbai mwaka jana kuhusu kontena lililozua ubishi. Mara nyingi jibu ni moja: "Hiyo ipo kwenye mashine ya dada wa mapokezi." Dada mwenyewe yuko likizo ya uzazi, na nywila ya mashine anaijua yeye peke yake. Mteja amekaa kwenye kiti, gharama za kuchelewesha kontena zinahesabiwa kwa siku, na ofisi nzima inampigia simu mzazi aliyejifungua juzi kumwomba nywila.

Watu huliita hilo tatizo la kompyuta. Kwangu mimi ni tatizo la uamuzi, na uamuzi wenyewe ulifanywa na fundi ndani ya dakika chache, siku alipokuja kuunganisha mashine za ofisi na seva ya barua, yaani kompyuta inayopokea na kutunza barua za wote. Kioo kilimuuliza swali moja: POP au IMAP? Hizo ni taratibu mbili za kompyuta kuchukua barua kwenye seva. Akachagua ile aliyoizoea, akasonga mbele. Mwenye ofisi hakuulizwa. Pengine asingekuwa na jibu, lakini ndiye aliyestahili kuulizwa, maana swali lenyewe halikuwa la kiufundi hata kidogo. Lilikuwa swali la barua za ofisi zikae wapi na zishikwe na nani.

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lipo, inabidi kurudi nyuma kidogo. Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ulizaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, na kwa miaka mingi aliyesoma barua kwenye Unix aliisomea ndani ya mashine kubwa yenyewe. Mbele yake palikuwa na kioo na kibodi tu, vimeungwa kwa waya. Barua ikifika iliongezwa mwishoni mwa faili lenye jina lake, humohumo kwenye mashine, naye akaifungua palepale. SMTP, itifaki ambayo waraka wake wa mwaka 1982 uliandikwa na Jon Postel na ambayo mpaka leo ndiyo inayobeba barua kati ya seva na seva, ilijengwa kwa dhana hiyohiyo: kwamba upande wa pili kuna mashine isiyolala.

Kompyuta ya mezani ikavuruga hesabu. Saa kumi na nusu jioni inazimwa. Ijumaa inazimwa mpaka Jumatatu. Umeme ukikatika Chumbageni inazimika bila kuaga, na ikiwaka tena huenda imepewa anwani nyingine ya mtandao. Mashine ya namna hiyo haiwezi kuwa kituo cha kupokelea barua, kwa hiyo ikahitajika njia ya pili: seva ipokee usiku na mchana, na mashine ya mezani iende kwenye seva kwa wakati wake. POP ilitoka mwaka 1984. Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, akaanza kuijenga IMAP. Zimeachana miaka miwili tu. Nalisema hili kwa sababu bado nasikia mafundi wakiitetea POP kuwa ndiyo ya kawaida na IMAP ni mambo mapya ya kisasa. Zote mbili zina umri wa kuwa na wajukuu.

Tofauti yake ni mawazo yaliyozizaa. POP ilimfikiria mtu mmoja, mwenye mashine moja, anayepiga simu kuingia mtandaoni na kulipia kila dakika. Apige, azoe barua zote, zifutwe kwenye seva, akate simu, asome kwa raha yake. Kwa mazingira ya wakati ule ilikuwa busara kabisa. Mji wetu umesemwa tangu zamani kuwa ni wa waja leo waondoka leo, na sijui kama kuna kitu kinachostahili msemo huo kuliko barua ya POP: asubuhi imefika kwenye seva, saa nne haipo, imeondoka na mashine iliyotangulia kuwashwa.

Na hapo "iliyotangulia kuwashwa" ndipo penye maudhi yote. Ofisi nyingi zina anwani moja ya pamoja, ile inayoanza na info, na mashine mbili au tatu zinaifungua. Zikiwa kwenye POP, kila moja huenda kuzoa kwa zamu yake, kila baada ya dakika kadhaa. Barua ya saa tatu na robo inaangukia kwa karani, ya saa tatu na nusu kwa meneja, na viambatisho vya shehena moja vinagawanyika: hati ya mizigo huku, ankara kule. Kila mmoja anaamini mwenzake ndiye mzembe. Nimesikia watu wakigombana kabisa, mmoja akiapa barua haikuja na mwingine akiapa ameiona, na wote walikuwa wakweli.

Fundi akiitwa hutoa dawa ya nusu. Anaweka alama kwenye kisanduku cha "acha nakala kwenye seva", na kweli barua zinaanza kuonekana kwenye mashine zote. Lakini hakuna mashine inayojua mwenzake amesoma nini au amejibu nini. Mteja mmoja anajibiwa mara mbili, kwa bei mbili. Zaidi ya hapo, POP haina habari na barua unazotuma. Barua aliyoituma karani inabaki kwenye diski ya karani, basi. Yaani ahadi za ofisi, bei zilizokubaliwa, tarehe zilizothibitishwa, vyote ambavyo siku ya ugomvi vitatafutwa kwa udi na uvumba, havipo popote isipokuwa kwenye chuma kimoja chini ya meza moja.

Chuma hicho nacho kina hatari zake. Outlook, programu ya barua ya Microsoft, huweka barua zake za POP kwenye faili moja kubwa liitwalo PST. Toleo la 2002 na yaliyotangulia, faili hilo lilikuwa na kikomo cha gigabaiti 2, na likikigusa huharibika kwa namna inayotia uchungu. Matoleo ya baadaye yaliongeza nafasi, lakini hayakubadili ukweli kwamba miaka kumi ya mawasiliano imekaa kwenye faili moja ndani ya diski moja. Sasa mashine ikianza kuwa nzito, mtaani tuna tiba moja maarufu: kupiga Windows upya. Kijana mwangalifu atauliza kama kuna vitu vya kuhamisha. Ataambiwa ahamishe Desktop na My Documents, kwa sababu ndizo mwenye mashine anazoziona. Faili la barua mara nyingi limefichwa kwenye folda ambayo mtumiaji wa kawaida hajawahi kuiona. Jioni mashine inarudi nyepesi kama mpya, na miaka kumi imekwenda.

Cha ajabu, ofisi zetu zilishalimaliza jambo hili zamani, kabla hazijaona kompyuta. Kulikuwa na masijala. Barua ikiingia inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio na kufungwa kwenye faili. Faili linapelekwa kwa ofisa, anasoma, anaandika dokezo, linarudi. Nakala ya jibu inafungwa humohumo, juu ya barua iliyojibiwa. Ofisa akihamishiwa Handeni anaondoka na begi lake, faili linabaki. Hakuna aliyeona taratibu hizo kuwa ni za kumbana mtu. Zilikuwa ndiyo maana ya kuwa na ofisi.

IMAP imejengwa kwa fikra hiyo. Barua inakaa kwenye seva, na kompyuta ya mezani inaionyesha tu. Folda ziko kwenye seva. Alama kwamba barua imesomwa, kwamba imejibiwa, kwamba meneja ameiwekea nyota aifuatilie kesho, zote ziko kwenye seva. Barua iliyotumwa nakala yake hupandishwa huko pia. Karani akijibu saa tatu na nusu, meneja aliyeko Mombo na simu yake anaona kuwa imeshajibiwa, na anaona imejibiwaje. Mashine ikiungua, ikiibwa au ikipigwa Windows, unaweka nyingine mezani, unaandika anwani na nywila, unakunywa chai wakati orodha ya barua inajijaza upya.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Mwenye shamba la mkonge huko ndani, au mwenye hoteli kandokando ya barabara ya Pangani, atasema: intaneti yangu inakwenda na kurudi, na barua zikikaa kwenye seva ya mbali nitabaki mikono mitupu siku ikikatika. Hoja ni nzuri, ila inaichanganya IMAP na kusoma barua kwenye kivinjari. Outlook na Thunderbird, programu ya barua ya bure, zote zinaweza kuweka nakala kamili ya folda kwenye mashine ya mezani na kusoma hata waya ukiwa umechomolewa. Unachoandika kinasubiri, na laini ikirudi kinakwenda. Tofauti na POP ni kwamba nakala ya mezani ni nakala, na asili imebaki mahali pake.

Kukatika kwenyewe si kwa kufikirika. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo ndizo zinazonifanya nisikubali haraka maneno ya kwamba seva ya ndani imepitwa na wakati. Ofisi ya watu ishirini yenye seva yake ndogo ya Linux, mfumo wa bure wa jamii ya Unix, kwenye chumba cha nyuma ingeendelea kuandikiana, kufungua mafaili ya zamani na kuandaa nyaraka zote kama kawaida, huku barua za nje zikisubiri foleni. Na foleni ya barua ni mvumilivu kuliko wengi wanavyodhani. Waraka wa SMTP wa mwaka 2008 unataka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5 hivi kabla ya kukata tamaa. Seva yako ikilala tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, barua haipotei. Inasubiri kwa aliyeituma.

Umeme ni kisa kingine, na hapa waliojenga programu za Unix wanastahili sifa ambayo hawaipati. Utaratibu wa zamani uliweka barua zote za mtu kwenye faili moja refu, mfumo uitwao mbox. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mwisho wa faili unabaki nusu, na programu mbili zikiandika pamoja bila kufungiana mlango zinaharibiana. Daniel Bernstein, aliyetengeneza seva ya qmail, akaja na Maildir: kila barua ni faili lake. Inaandikwa kwanza kwenye folda ya muda, na ikikamilika ndipo inahamishiwa kwenye folda ya barua mpya, kwa tendo moja ambalo ama limefanyika au halijafanyika. Kwa mji ambao umeme unaweza kwenda wakati wowote, huo ni ubora unaouhisi. Seva ya Postfix, iliyotengenezwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, inajua kuandika kwenye Maildir, na Dovecot, ambayo Timo Sirainen wa Ufini aliianza mwaka 2002, inajua kuisoma na kuwapa watu kwa IMAP. Zote mbili ni za bure, na kwa watu ishirini zinatosha kwenye kompyuta ya kawaida iliyotumika, mradi iwe na diski mbili zinazobeba kitu kilekile na UPS yenye betri nzima. Nasisitiza betri nzima, maana UPS nyingi ninazoziona maofisini zimebaki kuwa soketi nzito tu.

Faida nyingine ya Maildir: nakala rudufu ya usiku inabeba mafaili mapya peke yake. Huhitaji kunakili mlima mzima kila siku kwa sababu ya barua arobaini zilizoingia.

Kupokea, basi, ni rahisi. Kutuma ndiko kwenye miiba, na mtu akikwambia vinginevyo hajawahi kuendesha seva. Ukiiacha seva ya ofisi ipeleke barua moja kwa moja kwa Gmail kupitia laini ya kawaida ya ofisi, utakwama mahali pa kwanza: kampuni nyingi za intaneti duniani hufunga mlango namba 25, ambao seva hupelekeana barua kupitia huo, kwa wateja wa kawaida, kwa sababu mashine zenye virusi ndiko zinakomwagia takataka. Ukifunguliwa, utakwama pa pili: anwani ya laini hiyo hubadilika, haina jina linaloirudisha kwenye kikoa chako (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani zako), na huenda iko kwenye orodha za anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua. Barua ya ofisi yenye heshima zake inaishia kwenye folda ya taka ya mteja. Tangu Februari 2024 mambo yamekaza zaidi. Google na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (Google huhesabu kuanzia barua 5,000 kwa siku) awe na zote mbili pamoja na DMARC. SPF ni tangazo kwenye kumbukumbu za kikoa chako linalosema seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kihesabu inayobandikwa kwenye kila barua. DMARC ni tangazo linalomwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa vipimo hivyo. Zote huwekwa mara moja, na mtu anayejua kazi hamalizi siku nzima.

Ushauri wangu hapo si wa kishujaa. Weka masanduku ya barua ndani, lakini barua zinazotoka zipitishe kwa seva ya kulipia ambayo kazi yake ni hiyo tu na anwani yake ina jina zuri. Kompyuta za mezani zenyewe zisiguse mlango 25 kamwe. Zitume kwa seva ya ofisi kupitia 587 au 465, kila mtu na nywila yake. Wengi huruka hili kwa uvivu wa kuandika nywila, wakaifungulia seva ipokee chochote kutoka ndani ya ofisi bila kuuliza. Siku mashine moja ya karani ikipata kirusi kutoka kwenye flashi, usiku mmoja unatosha kuchafua jina la kikoa chote, na kulisafisha kunachukua muda mrefu kuliko kulichafua.

Kisha kuna zile kompyuta zenyewe. Ukitembea maofisini Tanga bado utakuta Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na Outlook ya umri huohuo. Mashine hizi mara nyingi huongea TLS ya zamani, yaani usimbaji unaoficha mazungumzo kati ya mashine na seva, na TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi Machi 2021. Seva mpya ya Linux inazikatalia, na ni haki yake. Fundi aliyebanwa ana njia mbili mbaya: kuilegeza seva, au kuzima usimbaji kabisa, nywila ziwe zinasafiri uchi. Nimeona ya pili ikifanyika na watu wakashukuru kwa kuwa "sasa inafanya kazi". Thunderbird 115, toleo la mwisho lililokubali Windows 7, ni dawa ya muda. Mashine ikiwa bado nzima lakini ya zamani, afadhali iwekewe Linux na Thunderbird mpya. Karani anayeandika barua na kufungua PDF hatakosa kitu baada ya wiki ya kwanza ya kunung'unika.

Na kabla hujailaumu seva, tazama saa. Kompyuta nyingi za mezani zina betri ndogo ya ubaoni iliyokufa, na kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Cheti cha seva, yaani kitambulisho inachojitambulishia kwa mashine nyingine, kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, vile vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kuwa vya siku 90. Mashine inayoamini kuwa tuko mwaka 2010 itakiona cheti kuwa hakijazaliwa, itakikataa, na mtumiaji atasoma onyo la kutisha kuhusu usalama. Betri hiyo ya mviringo inauzwa kwenye maduka ya saa.

Kuna kero ndogo pia ambayo huwafanya watu waichukie IMAP bure. Outlook hupenda kuita folda ya zilizotumwa "Sent Items", Thunderbird huiita "Sent", na simu ya meneja huja na jina lake la tatu. Barua zilizotumwa zinatawanyika kwenye folda tatu, halafu watu wanasema mfumo unapoteza barua. Tangu 2011 kuna utaratibu wa seva kutangaza ipi ni folda ya zilizotumwa, ipi ya rasimu, ipi ya taka. Dovecot inaujua, ila programu nyingine za mezani haziutii, kwa hiyo mtu lazima apite mashine kwa mashine na kuzielekeza folda kwa mkono. Kazi hiyo inachosha na haina utukufu. Anayeiruka ataitwa tena ndani ya mwezi.

Sasa swali ambalo msomaji amekuwa nalo muda mrefu: kwa nini tusikodi kwa Google au Microsoft, yaishe? Kwa ofisi ya watu wanne, mimi mwenyewe ningekodi. Ofisi ikiwa na watu ishirini au thelathini, ile ada ya dola kwa kichwa kila mwezi inaanza kuonekana kwenye vitabu, hasa shilingi ikiteleza. Ila gharama si hoja yangu kubwa. Aliyekukodisha ndiye anayeamua mlango wako ufungwe lini. Oktoba 2022 Microsoft ilianza kufunga njia ya kuingia kwa jina na nywila pekee kwenye huduma yake ya barua, na Outlook za zamani zilizounganishwa kwa njia hiyo zikagonga mwamba. Kwa usalama walikuwa na hoja nzuri. Tarehe, hata hivyo, waliipanga wao. Ukikodi, basi kodi kwa masharti mawili: kikoa kiwe chako, na barua ziweze kutoka kwa IMAP siku utakapotaka kuhama.

Kikoa kiwe chako, kweli. Hapa naona hatari kubwa kuliko seva zote. Fundi anasajili jina la co.tz la kampuni kwa jina lake mwenyewe na simu yake mwenyewe, kwa nia njema, ili kurahisisha. Wakigombana, au akipata kazi Dar es Salaam na kubadili namba, jina la kampuni liko mfukoni mwake. Ofisi za Serikali zimevuka hapo kwa kuwa na anwani zao za go.tz chini ya usimamizi wa pamoja. Sisi wa binafsi ndio bado tunabandika kwenye mlango wa gari la kampuni anwani ya bure ya Gmail yenye jina la binamu wa mwenye kampuni na mwaka wake wa kuzaliwa. Matapeli wa ankara wanaipenda hali hii. Mteja aliyezoea kupokea namba ya akaunti ya benki kutoka anwani ya bure hatashtuka ikija anwani nyingine ya bure inayofanana nayo kasoro herufi moja.

Sheria nazo zimeshafika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki kama ushahidi, na katika kuipima mahakama hutazama iliundwa na kutunzwa kwa namna gani ya kuaminika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Zahanati inayopokea majibu ya vipimo kwa barua pepe, shule inayopokea vyeti vya kuzaliwa, SACCOS inayopokea namba za vitambulisho: wote hao wana taarifa za watu zilizotawanyika kwenye diski za mezani ambazo hakuna mtu anayejua zina nini. Mashine ikiuzwa kwa fundi wa mitumba, taarifa zimekwenda nayo.

Anayetaka kuhama asianze na ofisi nzima. Aanze na sanduku la info na la mhasibu, maana hayo mawili ndiyo yenye fedha. Seva ikiwa ndani ya ofisi, Outlook ileile yenye faili la PST inaweza kufunguliwa akaunti ya IMAP pembeni, na folda zikavutwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mwaka mmoja baada ya mwingine, bila kugusa intaneti. Wikendi inatosha kwa watu wachache. Faili la PST lisifutwe mpaka miezi kadhaa ipite. Masanduku ya waliokwishaondoka yasifungwe, nywila zibadilishwe na barua zao mpya zielekezwe kwa aliyeshika nafasi.

Na fundi akimaliza, kabla hujatoa bahasha, mwombe akufungulie mipangilio ya akaunti kwenye kila mashine na usome namba iliyo kwenye mstari wa barua zinazoingia. Inatakiwa iwe 993. Ukiona 110 au 995, hiyo ni POP, mwambie akae tena.